Siku Nilipofumba Macho Zinga

Sisi manju, waimbishaji wa ngoma hapa Bagamoyo, hukutana kila Alhamisi kukosoana. Bi Tatu, mkongwe wetu, aliniambia naimba kama nahesabu mbuzi. “Fumba macho, mwanangu. Sikiliza miguu ya wachezaji, mtindo wako utakuja wenyewe.”

Kwenye harusi moja kijijini Zinga nikafumba. Lo, nilielea! Ngoma zikanyamaza, nikadhani wapigaji wananipisha. Miguu ikafifia mchangani, nikaona sauti yangu inawapeperusha wachezaji kama moshi wa udi. Nikailegeza zaidi, machozi yakanilengalenga.

Nilipofumbua macho, uwanja ulikuwa mtupu. Watu wote walishakaa kwenye masinia ya pilau. Amebaki Bi Tatu peke yake, ananirekodi kwa simu.

“Shikamoo,” nikababaika.

“Marahaba. Endelea tu, mwanangu. Alhamisi tumeshapata cha kuzungumza.”