Sahani Yupo?

Saa moja kasoro asubuhi, sakafu ya ofisi ya walimu bado haijakauka deki. Mhadhiri wa takwimu ameketi ukingoni mwa kiti, begi lingali begani, simu mkononi. Anafuta bandiko kwenye jukwaa la walimu mtandaoni. Anafuta jingine. Kabla hajavua koti, mwenzake aliyefutiwa anampigia kumuuliza kulikoni, mbona siku hizi amekuwa na kisirani.

Kwenye jukwaa hilo la mtandaoni, lenye walimu wa vyuo zaidi ya elfu tisa, wachache wanajua jina lake. Wanamwita Kifutio. Yeye ndiye msimamizi, na asiyechunga ulimi humo hufutwa bila kubembelezwa. Walimu hupeana mifano ya mitihani, hulalamikia ratiba, huulizana namna ya kuishi na mkuu wa idara mkorofi. Ananiambia kwamba mwaka wake wa kwanza kazini jukwaa lilimshika mkono kuliko watu aliokaa nao ofisi moja.

Halafu kuna Kikaangoni. Huo ni ukumbi wa humo humo, ambako walimu hutupia majibu ya wanafunzi yaliyowavunja mbavu. Majina hayatajwi, kwa hiyo kila mtu hucheka akiwa na amani moyoni.

Miezi miwili iliyopita, mwalimu mmoja alitupia jibu la mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza aliyeulizwa maana ya sampuli: "Sampuli ni kijiko." Basi, hivyo tu. Kifutio aliliona akiwa mbioni kati ya kipindi na kipindi. Akaandika chini yake: "Mpeni na sahani." Kisha akalibandika juu kabisa, mahali pa kichekesho cha wiki.

"Nilijiona mjanja sana," anasema. "Watu wakacheka hadi jioni, na mimi nikafurahi."

Wakati huo nyumbani kwake mambo yakaanza kubadilika. Binti yake, anayesoma chuo kingine upande wa pili wa mji, alianza kuumwa tumbo kila siku yenye kipindi cha takwimu. Baadaye likawa tumbo la wiki nzima. Yeye kama mama alimpa dawa, akamgombeza, akampa dawa tena.

Jumamosi moja mlango ukabishwa. Alikuwa rafiki wa binti, mwanafunzi mwenzake, msichana mwenye adabu zake. "Shikamoo, mama. Sahani yupo?"

Mwalimu ni mwalimu hata akiwa na kanga kiunoni. Aliitikia marahaba, kisha akamsahihisha: "Sema sahani ipo, mwanangu. Sahani si mtu." Akaenda jikoni, akachagua sahani nzuri, akaja kumkabidhi.

Msichana aliipokea kwa mikono miwili, akaikodolea macho. "Siyo hii, mama," akasema taratibu. "Namuulizia Sahani mwenyewe. Mwanao. Chuoni sote tunamwita hivyo."

Mama aliuliza kwa nini. Msichana alimweleza kwamba mhadhiri wao alilisoma jibu la rafiki yake mbele ya darasa zima, kisha picha ya kile kichekesho cha walimu, na sahani ya Kifutio chini yake, ikavuja, ikazunguka kwenye simu za wanafunzi. Kila mtu akajua kijiko ni cha nani. Jina likaganda.

"Nilishika mlango," anasema mhadhiri. "Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Mwanangu anaitwa Sahani, na jina nimempa mimi, kwa mara ya pili tangu azaliwe."

Alitafuta karatasi ya mtihani kwenye meza ya binti yake. Jibu halikuishia kwenye kijiko. Liliendelea: cha mchuzi, mpishi akikoroga chungu sawasawa, kijiko kimoja kitamwambia chumvi ya chungu kizima, na asipokoroga kitamdanganya. Mfano huo ni wake mwenyewe. Alimfundisha binti yake jikoni, na huufundisha darasani kila mwaka. Mwenzake aliukata kichwa tu, akakitupa Kikaangoni, na mwenye mfano akacheka na wengine.

Jioni hiyo aliingia chumbani kwa binti, akakaa chini sakafuni, akamwambia kwamba Kifutio ni yeye.

"Nilijua siku ileile, mama," binti alimjibu. "Umejisifia hilo jina humu ndani miaka yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nione kama utanitetea kabla hujajua ni mimi."

Kesho yake mhadhiri aliandika yote jukwaani, pamoja na jibu zima. Pole zikamiminika. Mwalimu aliyelitupia aliomba radhi mara tatu. Lakini takribani wote waliandika jambo lilelile: samahani, mwalimu, hatukujua ni mtoto wa mwenzetu.

Hilo, anasema, lilimshtua kuliko sahani. "Kwani wa wengine ndio wa kukaangwa?"

Tangu siku hiyo anafuta kila jibu linaloingia Kikaangoni, na wanachama wamechoka naye. Wengine wanasema kazi hii ina machozi mengi, waachiwe pa kuchekea. Ijumaa watapiga kura: ukumbi ufungwe, au msimamizi abadilishwe. Binti amerudi darasani, ila anakaa mstari wa nyuma, na kwa mama yake anaongea ya lazima tu.

Namuuliza mhadhiri kama angepigania jambo hili iwapo kijiko kingekuwa cha mtoto wa mtu asiyemjua. Anaiweka simu mezani. Nje wanafunzi wameanza kuingia madarasani, na kipindi chake ndicho cha kwanza.

"Ningekuwa bado nacheka," anasema. "Ndiyo maana naomba Ijumaa waufunge ukumbi. Wakiniachia mimi kazi ya kuchunga tu, sijiamini."