Chumba cha Gemu Nyuma ya Duka la Vitambaa

Mwishoni mwa miaka ya tisini vyumba vya gemu mjini Kisii vilikuwa vichache, na vingi havikumtaka mgeni. Katika kimoja karibu na stendi walinipa padi ya kuchezea ambayo kitufe cha kupigia shuti kilikuwa kimekufa, kisha wakanicheka nilipofungwa. Katika kingine hawakunicheka, hawakuniona kabisa. Nilikaa kwenye benchi saa nzima, zamu yangu ikirukwa. Nilikuwa nimetoka Nyaramba kujifunza ushonaji, sikuwa na rafiki, na upweke ulikuwa ukinila.

Cha tatu kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Mwenyewe, mama mmoja Mwislamu mwenye ulimi mkali, alikuwa na sheria moja: mgeni apewe mechi mbili za kujifunza kabla ya kushindanishwa kikweli. Sheria ya pili hakuna aliyeitamka, ila ilijulikana: lazima umtanie unayecheza naye. Ukikaa kimya, ulionekana umenuna.

Hapo ndipo nilipompata fundi redio mmoja, mdogo kwangu kwa mwaka mzima. Kila jioni baada ya kazi tulikaa bega kwa bega mbele ya runinga. Aliniambia mama yangu angenishinda kufunga mabao, tena akiwa na mtungi kichwani. Nikamwambia mwanamke atakayemwoa atatoroka kabla uji wa wimbi haujachemka. Tulicheka hadi mama mwenye chumba akatishia kuzima umeme. Sijawahi kucheka hivyo tena.

Kosa lilikuwa langu. Nilijivunia kuwa na rafiki, nikampeleka nyumbani Jumapili moja. Nyanya yangu, kama wazee wote wa kwetu, hakummiminia chai kabla ya kumuuliza ukoo. Walipofika kwenye majina ya mababu, akaweka birika chini.

"Babu yake na babu wa baba yako walizaliwa nyumba moja," akaniambia. "Huyu ni baba yako. Mwamkie vizuri."

Kwetu, mtu wa kizazi cha baba yako ni baba, hata kama ulimtangulia kuzaliwa. Humtanii, wala hutaji mambo ya ndoa mbele yake. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na haina hiari. Nilikumbuka yote niliyomwambia kuhusu mke wake wa kesho, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Yeye alikuwa akitazama sakafu.

Jumatatu tulicheza bila neno.

"Nyinyi mmekosana?" mama mwenye chumba akauliza. Nilifunga bao, nikagundua kwamba mwenzangu alikuwa amelegeza mkono makusudi, jinsi mtu mzima anavyomwachia mtoto. Nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Wiki iliyofuata nilimsikia kabla sijaingia. Alikuwa akimtania mgeni mmoja kutoka Ikonge, na chumba kizima kilikuwa kikicheka. Nilipotokea mlangoni akanyamaza, akakaa wima. Wengine nao wakanyamaza, wasijue kwa nini. Nikaona kwamba sasa mimi ndiye ninayekiharibu chumba. Nikamwamkia kwa adabu.

"Hujambo, mwanangu," akaitika.

Nikamwambia nilikuwa napita tu.