Jezi Ambayo Loretta Hakuifumua

Loretta Wojtas alishona majina ya watu mgongoni mwa jezi, na watu hao wakishaondoka aliyafumua. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja, katika chumba kisicho na dirisha chini ya uwanja wa besiboli wa Harlow Falls, Ohio. Na kwa kuwa mwenye timu yetu ni mkono wa birika, hata herufi hazikutupwa. B ya mtu aliyeuzwa mwaka jana ilipigwa pasi, ikapandishwa mgongoni mwa mwingine. Timu za matajiri hununua herufi mpya, sisi tulirithishana.

Usidhani ligi haina huruma. Kila mwaka timu zenye pesa hukatwa fungu, likapewa timu maskini kama yetu, eti mizani ikae sawa na kila mji upate nafasi ya kushinda. Fungu hilo linafika, wala sikatai. Likishaingia mfukoni mwa mwenye timu ndipo mimi na wewe tunapopotezana nalo. Kijana akikamilisha miaka yake sita anakuwa mchezaji huru, anakwenda anakolipwa, na sisi tunaletewa wengine wabichi tuanze upya kuwalea.

Eliecer Barrios aliletwa hivyo hivyo, mbichi, mwaka ule ule Loretta aliofiwa na mumewe. Alikuwa mrushaji mpira kutoka Venezuela, miaka ishirini na miwili, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alikuja kwa Loretta kwa sababu jezi ilimbana kwapani. Kesho yake akaja tena, na jezi haimbani popote. Kwa miaka sita, kabla ya kila mechi ya nyumbani, alikaa kwenye kreti karibu na cherehani akila pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha zenye viazi, alizopika Loretta, akisimulia habari za mama yake.

"Bi Loretta, unaninenepesha. Kocha atakushtaki."

"Kocha mwenyewe kala sita jana. Kula, acha maneno."

Wakati timu iko ugenini, Loretta alirudi nyumbani akawasha redio jikoni asikie sauti ya mtu. Alimpenda yule kijana, tusifichane. Alimpenda kama mtoto aliyemzaa.

Sasa, hapa kwetu kuna desturi. Siku inayofuata mechi ya mwisho ya msimu, waliomaliza mikataba hufumuliwa majina kabla ya saa sita mchana. Hangojewi mtu, wala haulizwi mtu. Oktoba ile miaka sita ya Eliecer ilikuwa imetimia. Asubuhi alipita mlangoni na begi begani, akamwona Loretta ameshika wembe.

"Bi Loretta, usinifumue bado," alisema akicheka, akambusu kwenye paji la uso, akaenda zake.

Loretta akauweka wembe chini. Akaitundika ile jezi ukutani na jina lake zima.

Binti yake, Marcy, alikuwa amemwandalia chumba kwake Arizona. "Mama, njoo. Nyumba kubwa hiyo peke yako, theluji mpaka magotini, unangoja nini?"

"Eliecer akibaki, nabaki msimu mmoja tena. Akiondoka, nakuja."

"Kwani kakwambia anabaki?"

"Kaniambia," alisema Loretta, na alisema kwa moyo wake wote.

Krismasi hakwenda, akala peke yake mbele ya kiti kitupu cha marehemu. Januari, Gus Hanratty, mtunza chumba cha wachezaji, alimjia mara tatu. "Loretta, fumua. Nina watoto wapya wanne, nazihitaji hizo R."

"Nunueni."

"Tununue? Humjui mwenye timu?"

Kwenye duka la mikate nako walikuwa wakimla nyama yule kijana. Mwokaji alisema kwa sauti, makusudi, Loretta asikie: "Tumemfundisha kurusha, sasa anatafuta mabwana. Msaliti mkubwa."

"Wewe ukiitwa kwingine ulipwe mara nne, utabaki kwenye hilo joko?" Loretta alimuuliza. "Kwanza habari zenyewe huna. Anabaki."

Watu wakatazamana. Mwokaji akamfungia mkate wake.

Redio ilitangaza wiki ya kwanza ya Februari: miaka saba, dola milioni mia na arobaini, timu ya California. Mwenye timu yetu alisema amesikitika mno. Ofa yake ilikuwa chini ya nusu ya hiyo. Loretta hakumwonea Eliecer kijicho hata cha senti moja. Mkono wa mrushaji unaweza kuharibika kwa mpira mmoja, na angekuwa mama yake angemwambia asaini mbio. Kilichomuuma ni kuipata habari kutoka redioni, kama mwokaji na kama kila mtu.

Siku tatu baadaye Eliecer alisimama mlangoni, koti jipya, nywele zimekatwa vizuri. Loretta moyo ukamruka. Kijana akamkumbatia, kisha akaiona jezi ukutani.

"Ee, bado ipo? Mlisahau kunifumua?"

"Ulisema nisiifumue."

"Mimi? Lini?"

"Oktoba. Siku ile ya kuondoka."

Eliecer akakunja uso, akafikiri kweli kweli, maana ni mtu mwenye adabu na hakutaka kumvunja moyo. Hakupata kitu. "Labda nilikuwa natania, Bi Loretta. Siku ile nilikuwa nawahi ndege."

"Ndiyo, ulikuwa unatania," Loretta alisema. "Hongera, mwanangu. Umestahili kila senti."

Hilo la kustahili hakulisema kwa kujikaza. Waliulizana habari za mama, za goti la Loretta, za baridi. Kisha kijana akatazama saa. Wakala wake alikuwa akingoja nje ndani ya gari. Alipoondoka, Loretta aliishusha jezi, akaishika shika, akaanza kukata uzi wa herufi ya kwanza.

Gus aliingia na orodha yake. "Afadhali umeanza."

"Kaja kuniaga," Loretta alisema. "Kutoka California yote hiyo, kaja kuniaga."

"Kaja kuchukua viatu vyake vya mazoezi, alivisahau kabatini," Gus alisema, macho kwenye orodha. "Mimi ndiye niliyemwambia apite kwako. Nikamwambia, usipopita yule mama atajisikia vibaya."

Gus alipotoka, Loretta aliuweka wembe pembeni, akapiga simu Arizona. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Saa zile Marcy huwa kazini, na Loretta alilijua hilo kabla hajapiga.