Hodi Koyama

"Hodi!" Shangazi yangu aliita mlangoni pa nyumba alimozaliwa, kisiwani Koyama, nyumba aliyoikimbia wakati wa vita.

Akatoka nesi kijana, leso kiunoni, aliyetoka Tanzania kujitolea kwenye zahanati. Kijiji kimempa nyumba hiyo akae.

"Karibu, bibi! Jisikie uko nyumbani."

Adabu anayo. Akaleta kiti, akaleta maji. Shangazi hakukaa. Alikuwa akipapasa ukuta, pale lilipokuwa shubaka la mamake.

"Bibi, ni mara yako ya kwanza kufika hapa?"

"Mara ya kwanza kupiga hodi, mwanangu."

Nje, jirani akatueleza: "Nyumba haikai bila mchu. Ingeanguka." Hakukosea. Ila mchu mwenyewe, mtu wa nyumba hiyo, alikuwa hai Mombasa, amepanga chumba, na hakuna aliyemtumia salamu kwamba arudi.

Koyama nzima inamsifu nesi kwa jinsi alivyozoea upesi. Hata mimi namsifu. Ni rahisi kuzoea ugenini ukijua kwenu kupo na mlango uko wazi.

Tulipoondoka akatupungia mkono. "Karibuni tena!"

Shangazi akajitanda buibui vizuri, akajibu, "Asante, mwenye nyumba."