Midomo Miwili ya Lokole

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza mwenye diploma ya uhifadhi wa vitu vya kale. Niliipata Kampala, nikiosha magari asubuhi na kusoma mchana. Nilirudi nayo Kisangani ikiwa ndani ya plastiki, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimefungua chumba cha maonyesho kwenye ghala la zamani karibu na mto. Hakuna aliyenisaidia, isipokuwa walioniazima vitu vyote vilivyomo.

Kulikuwa na okapi wa mti aliyechongwa na fundi wa Bafwasende, fuvu la mamba, na sanduku la jirani yetu, mama wa ukoo wa Waislamu waliofika hapa zamani za biashara ya pembe na watumwa. Lakini kitu kikuu kilikuwa lokole ya tonton, kaka wa mama yangu. Lokole ni ngoma isiyo na ngozi: gogo lililochimbwa ndani kupitia mpasuko mrefu juu yake. Kule kwao Basoko vijiji vilipashana habari kwayo.

Tonton aliileta kwa boti, na sharti lake lilikuwa moja: siku ya ufunguzi apige jina la babu yake. Kwa lokole jina la mtu ni sentensi nzima, na hilo yeye peke yake ndiye aliyebaki akilijua.

"Nataka watu wa muji wamusikie hata mara moja tu," alisema. "Kisha naweza kufa muzuri."

"Tonton, usikufe Jumamosi. Kuna wageni."

Nikaikagua lokole kitaalamu. Mdomo mmoja wa mpasuko ulikuwa mnene, mwingine mwembamba. Niliandika kwenye daftari: ubovu, pengine mchwa. Kwa siku tatu niliujaza ule mwembamba kwa ndani, kwa unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa mpaka yote miwili ikalingana. Ilikuwa kazi safi. Bado nasema ilikuwa safi.

Jumamosi walikuja watumishi wa serikali, wanafunzi, jirani yetu mwenye sanduku, na askari wawili wa kambi ya Kapalata na wake zao. Tonton aliiona lokole yake kando ya sanduku la jirani.

"Bon," alimwambia yule mama. "Hii ngoma ilikuwa inaambia watu: mukimbie, wenye masanduku wanakuja."

"Na walikimbia, papa," alijibu mama. "Kwetu wanasema tulikuta vyungu tu kwa moto."

Tonton akashika fimbo zake. Akapiga mdomo mmoja, akapiga wa pili. Sauti ikawa ileile. Akarudia. Kisha akaingiza kidole ndani ya mpasuko.

"Mutoto wa dada, iko nini humu?"

"Ilikuwa na ubovu, tonton. Nilitengeneza."

"Nani alikuambia iko na ubovu?"

"Nilisomea."

"Diploma yako iko na masikio?" Hakupaza sauti. "Mudomo moja iko mwanaume, ingine iko mwanamuke. Sauti mbili ndiyo inafanya maneno. Weye umefanya wote wanaume. Alors, nani atajibu nani?"

Akaketi juu ya sanduku la jirani, fimbo magotini.

Nilileta patasi. Niliondoa kibao cha "Usiguse", nilichokiandika mwenyewe, nikaanza kukwangua mbele ya wageni wote. Kila mara tonton aligonga, akasema, "Bado." Wanafunzi waliandika, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Saa mbili zilipita. Hakuna aliyeondoka, ingawa bia zilikuwa zimekwisha.

Mwishowe hakusema "bado". Alipiga jina lote, polepole, huku akilitamka: Mti ulioanguka mtoni, mitumbwi inauzunguka. Mdomo niliouziba ulitoka na sauti ya mtu mwenye mafua, lakini ulijibu.

"Huyo ndiye tulikuta ameshaenda, chungu chake kwa moto," alisema jirani.

Tonton akanipa fimbo. "Piga."

"Mimi?"

"Weye ulikuwa karibu kumuzika. Piga."

Nililipata mara ya kumi na moja. Tonton anasema nalipiga kwa kigugumizi. Hata hivyo, katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza mwenye diploma, na wa pili anayelijua jina hilo.