Mwaitu Alipotoboa Pikapu ya Baba

Enzi zetu kule Kathiani, mvua haikuachwa ipotee hivi hivi. Tuliikinga kwa madebe, sufuria, karai, hata beseni la kuogeshea mtoto. Sasa Baba, mwenye pikapu ya pekee kijijini, akaona ni upuzi gari kulala nje na nafasi yote ile nyuma. Akaziba kila upenyo kwa lami, mlango wa nyuma akaukaza kwa vipande vya tyubu, na mvua ikinyesha pikapu inageuka bwawa. Mbuzi walikunywa humo. Sisi watoto tuliogelea humo mpaka kaptura zikawa nyekundu kwa kutu. Watoto wa siku hizi wanapelekwa kwenye mabwawa yenye vigae na bado wanalalamika maji ni baridi. Wangejua!

Mwaitu, mama yetu, ndiye aliyeona kutu ikila ile sakafu. "Toboa hii kitu maji itoke," alimwambia Baba kila mara. Baba anawaka: "Nitoboe gari yangu? Halafu maji nimwage? Mama Mueni, uko sawa kweli?" Mueni ni mimi, na nakwambia hilo halikuwa jambo dogo. Pikapu hiyo ndiyo iliyopeleka maembe yetu Machakos. Bila hiyo yangeoza shambani tukiyaangalia, na maji ya mtoni tungerudi kuyabeba mgongoni.

Basi msimu mmoja Baba akapanda nyuma na kreti ya maembe begani, akakanyaga kona ya kushoto. Mguu ukapita wote mpaka gotini! Sisi tuliokuwa chini tukaona kiatu chake kinaning'inia karibu na gurudumu. Wuui! Hakuna aliyethubutu kucheka. Alipotolewa alisema kwa sauti ndogo kwamba gari limekufa, atawaita watu wa vyuma vikuukuu walichukue. Nililia kama nimefiwa. Mwaitu alijifunga leso kiunoni na kusema, "Baba Mueni, wewe ushatoboa. Sasa niache nitoboe mahali inafaa."

Baba akaenda mwenyewe kumwita fundi.

Fundi wa sokoni alichomelea kiraka, akatuazima drili ya mkono. Mwaitu akamwaga kopo la maji sakafuni, akatuambia tufuate yanakoelekea na tuweke alama ya chaki pale yanapotuama. Hapo ndipo alipotoboa, akizungusha drili mwenyewe, jasho likimtiririka. Kingo za matundu akazipaka rangi ya kuzuia kutu, maana chuma kilichokwanguliwa ndicho kutu inakimbilia kwanza. Chini ya kila tundu akapachika kipande cha mpira ili maji yasidondokee chesisi, ile fremu ya chini ya gari, na mwisho wa mpira akautia kwenye mtungi.

"Maji nataka," akasema, "na gari pia nataka."

Baba akaapa kwamba maji yakituama tena, hata kidogo, gari linaondoka. Tukangoja mvua na roho mkononi. Ilikuja mchana mmoja kwa kishindo, nasi sote tukabanana barazani kutazama. Maji yalijaa nyuma ya pikapu, yakazunguka, kisha tukasikia mitungi ikianza kuimba. Mvua iliposimama, Baba alitembea kwenye matope mpaka kwa gari, akapitisha kiganja sakafuni, akageuka na meno yote nje. Mwaitu alipiga vigelegele hadi watu wa ng'ambo ya kilima wakatoka kuuliza nani ameolewa. Jumapili iliyofuata tulimsikia Baba nje ya kanisa akiwaeleza wanaume jinsi alivyobuni matundu yale. Mwaitu alicheka tu, akaenda zake.

Nawaona vijana wetu wa leo huko Mavoko. Wanatandika kapeti la plastiki nyuma ya pikapu, wanaweka taa za rangi na muziki wa kutetemesha madirisha, na chini ya kapeti maji yamelala yanakula chuma. Kutu ikitokea juu, picha inapigwa na gari linatangazwa kuuzwa kwenye simu siku hiyo hiyo. Hakuna anayepanda na kopo la maji aone tatizo liko wapi. Ninawapenda, lakini wananichosha.

Wazazi wangu wote wawili wametangulia, na hakuna siku nisiyowakumbuka. Leo asubuhi nimepakia pikapu yao maembe mpaka juu, na ilipokuwa ikipanda mlima kuelekea Machakos, nilipiga honi njia nzima bila sababu yoyote.