Ngoma Iliyoota Moto Ndani ya Sahani Nyeusi

Mwanangu mkubwa aliamua kuwa mimi ni kiziwi. Aliniita mara tatu kutoka mlangoni, sikumjibu, kwa kuwa nlikuwa na tasbihi mkononi, na mimi uradi wangu siukati hata akiita nani. Nlipomaliza nikamweleza. Akatabasamu, "Wote husema hivyo, mama."

Tangu siku hiyo nyumba nzima hapa Ansab, tulikohamia kutoka Unguja, ikawa inanipigia ukelele, kisha ikachoka, ikanyamaza. Habari za jamaa zikawa zinanipita. Mimi nnayo majina yote kichwani, ya Unguja na ya hapa, nani mtoto wa nani. Leo mtu anaposwa nami siambiwi! "Mwacheni, hasikii." Na Jumapili tulikuwa na miadi hospitali, nikatiwe kifaa cha sikio.

Ijumaa, baada ya chakula, mjukuu wangu, binti wa huyo huyo mwanangu, akaleta sahani zake za santuri. Ana kazi yake nzuri, na mshahara unakwenda kwenye muziki wa hevi metali. Magita yananguruma kama mashine ya kusagia kahawa, na mwimbaji analia kama kamwagikiwa na uji wa moto. Alikuwa na sahani mbili za albamu moja: ya zamani, iliyochapwa albamu ilipotoka, na mpya iliyochapwa juzi. Baba yake akasifu mpya. Binti akasifu ya zamani.

"Tumuulize bibi," akasema.

"Umuulize kiziwi?"

Miye nimekaa hapo hapo!

Nikasema, "Nigeuzieni kiti nitazame ukuta. Wekeni mnayotaka, msinambie."

Walicheka. Hawakujua kuwa nlipokuwa kigori, harusini kwetu, kazi yangu ilikuwa kusikiliza ngoma. Wanawake wakiziotesha moto wa makumbi ya nazi uani, ngozi ikaze, mimi nipo ndani, nawapigia ukelele: bado, bado, haya sasa. Ngoma baridi inasema *bu*, inakaa. Iliyoota moto inasema, halafu ngozi inarudi. Skuli sikukaa sana, lakini hilo nlilisoma.

Mwanangu akaweka ya kwanza. Nikangoja ngoma, magita nikayaacha yapite.

"Hii mpya," nikasema. "Kila mtu kapanda juu kwa pamoja, kama wanawake wanaogombania sinia. Ngoma imebanwa, haipumui."

Akaweka nyingine. Ah! Gita huku, gita kule, na ngoma nyuma yao, ngozi inarudi, baina yao pana nafasi ya mtu kupita na trei ya kahawa.

"Hii ya zamani. Hii ndiyo nzuri. Na mpanguse sindano, ina vumbi, inakwaruza."

Mjukuu wangu akaitazama sindano. "Wallahi ina vumbi, baba!"

"Kabahatisha," akasema mwanangu. Akarudia mara ya tatu, ya nne. Nikapata zote. Mara ya tano akaiondoa sahani, akakaa kidogo, akapiga tena.

"Hukubadilisha, mwanangu. Umeirudisha ile ile."

Mjukuu wangu alipiga kigelegele kikanizidi mimi wa zamani zile. Akanikumbatia, akasema kuanzia leo hanunui sahani bila ya mimi kuisikiliza. Nami nakwambieni, nimeshamrudishia dukani tatu.

Baba yake siku ile akaenda zake jikoni, mlango akaurudishia, na huko nikamsikia anamnong'oneza mkewe, "Ile miadi ya Jumapili, wapigie uivunje."

"Na hilo nimelisikia!" nikamwambia kutoka kitini kwangu, bado nimeukabili ukuta. "Haya njooni mkae hapa, mnambie. Nani kaposwa?"